V-Strom iliyotumika: nikague nini?

SWALI: Nimepata pikipiki ya Suzuki V-Strom 650 iliyotumika. Nataka kuifunga masanduku ya pembeni na taa mbili za ziada, niende nayo Pangani na Lushoto. Nikague nini kabla ya kulipa?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Namba ya fremu ilingane na kadi, hilo halina mjadala. Kisha pitisha ukucha kwenye bomba za shokapu za mbele. Chumvi ya bahari hula kromu na kuacha vishimo, navyo hukata sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke. Ukucha ukikwama, kubadilisha sili peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu: oili itavuja tena. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa, gia ya gurudumu la nyuma. Nusu ya jino ikionekana, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja.

Pima betri. Injini ikiwa imezimwa, ziwe volti 12.6 hivi; ukiiwasha na kuvuta mafuta, zipande hadi kama 14. Zikibaki 12, koili ya chaji au regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji) ina kasoro, na taa zako zitamaliza betri njiani.

Taa mbili za wati 20 hula ampea 3 na kitu. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, na rilei, yaani swichi ya umeme, inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma, zizimike ukizima swichi. Mafundi wengi huchubua waya wa taa kubwa na kuzungushia solotepu. Kwa hewa ya Tanga, shaba hugeuka kijani upesi.

Masanduku yawe na uzito sawa, vizito chini, na kaza springi ya nyuma kabla ya kupanda Lushoto.