Chama kipya: usajili si habari

Viongozi wa vyama vipya vya siasa Tanzania hudhani cheti cha Msajili wa Vyama kikishatoka, magazeti yatawakimbilia. Wapi! Mhariri anataka mtu anayejulikana, mvutano, au jambo linaloelezeka kwa sentensi moja. ACT-Wazalendo ilisajiliwa 2014, lakini wengi waliisikia mwanasiasa maarufu Zitto Kabwe alipojiunga nayo Machi 2015. Miaka minne baadaye Maalim Seif, mwanasiasa mkongwe wa Zanzibar, aliihamia akitokea chama cha CUF, wafuasi wakazipaka ofisi rangi ya zambarau ya ACT, na kaulimbiu yao "shusha tanga, pandisha tanga" ikaenea nchi nzima bila tangazo la kulipia.

Kama hamna jina kubwa, shikeni hoja moja na muirudie hadi muichoke wenyewe. CHAUMMA, chama kidogo cha Hashim Rungwe, ilijulikana kwa ahadi yake ya kampeni ya kuwapa watu ubwabwa. Watu walicheka, ndiyo, ila waulize leo ilani za vyama vingine vidogo vya wakati ule zilisema nini.

Mkutano na waandishi uitwe saa 4 asubuhi. Ukiitwa saa 10 jioni, mpiga picha hatapata muda wa kurudi, kuhariri na kuingia kwenye taarifa ya saa 2 usiku. Taarifa iwe ukurasa mmoja, hoja kuu ikae aya ya kwanza, na asemaye awe mmoja. Wakizungumza sita, mwandishi atachagua kauli ya aliyeteleza. Kwa redio, andaeni kauli ya sekunde 20 inayojitegemea. Bango je? Wengi hutundika nembo moja kubwa juu ukutani, kumbe kamera hukaza usoni na nembo yote inakatwa. Chapisheni nembo ndogo nyingi, zijirudie usawa wa kichwa na mabega ya msemaji. Na bahasha ya pesa anayopewa mwandishi isigeuke bei ya habari: mwandishi aliyelipwa leo hatakuja kesho mkiwa hamna kitu.

Mkutano wa hadhara unataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, angalau saa 48 kabla. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mkizuiwa, ombeni sababu kwa maandishi. Barua hiyo ni habari yenye ushahidi, tofauti na malalamiko ya mdomo.

Hazina inayosahaulika ni daftari la wanachama. Sheria inadai wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, ukiwemo angalau mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Uhakiki wa Msajili ukiisha, daftari hufungiwa kabatini. Lichambueni kwa kata, mpate mtu mmoja kila mkoa wa kupiga simu kwenye vipindi vya redio za huko, kwa lafudhi ya huko, akizungumzia bei ya mbolea au maji ya huko.

Kisha kadi za uanachama. Siku mtakayovuma, watu watauliza ofisi iko wapi usiku huohuo. Namba ya katibu wa kata iwe imeshabandikwa, na kadi ziwe mkononi mwake, si makao makuu.