Barua kwa mwanangu: watoto mwende nao

Mama, mbukwa. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma nikanyamaza, nikampa mama yako naye akasoma akanirudishia simu, akasema mjibu wewe maana wewe ndo umekulia misheni. Haya nakujibu, na ntaandika ndefu kwa sababu tukipigiana bando linaisha tukiwa bado kwenye salamu.

Unasema kanisa limewaomba wewe na mumeo mwende Lichinga, kule Niassa, Msumbiji ya kaskazini, yeye akafundishe wainjilisti na wewe ukasaidie zahanati, na sasa mmekwama kwenye jambo moja, wajukuu zangu mwende nao au muwaache hapa Dodoma kwetu wasome shule wanayoijua alafu muwe mnakuja likizo. Jibu langu ni kwamba mwende nao. Na ujue anayewataka hao watoto wabaki kuliko mtu yeyote ni mimi, mama yako ndo usiseme, chumba keshakipangia kichwani. Kwa hiyo nikisema mwende nao sisemi kwa sababu nakwepa mzigo.

We unajua bibi yako alikuwa nesi Mvumi, tukikaa nyumba za wafanyakazi pale pale hospitali, kilomita kama 40 toka mjini. Enzi hizo vikope, ule ugonjwa wa macho, vilikuwa vinapofusha watu Ugogo kweli kweli, vumbi, maji shida, nzi wa ng'ombe, wazee wanaongozwa na fimbo na mjukuu. Jirani zetu walikuwa familia ya wamisionari toka Australia. Waaustralia walianza kuongoza kazi ya huku tangu 1927 alipowekwa Chambers kuwa askofu wa Kianglikana, ingawa misheni yenyewe ni ya zamani zaidi, Mpwapwa walifika 1876. Ila hawa majirani zetu walikuta mambo yanageuka. Shule za misheni zimeshachukuliwa na serikali, Operesheni Vijiji ya serikali imeshahamisha watu kwenye vijiji, 1971 dayosisi ikapata askofu Mgogo, Yohana Madinda, na 1973 ikatangazwa makao makuu ya nchi yanahamia Dodoma. Yani mzungu ambaye waliomtangulia walikuwa ndo wenye kauli, yeye akawa anaomba ruhusa ya likizo kwa Mwafrika. Wapo walioshindwa wakafunga mizigo. Huyu jirani yetu hakushindwa. Sukari ilipoadimika alipanga foleni na sisi, na ule wakati magari binafsi yamezuiwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta, yeye alichukua baiskeli akaenda kuhubiri vijijini, anarudi magharibi mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Kigogo alikipata, cha kuchapia lakini alikipata, na wazee walimpenda kwa hilo kuliko dawa zote.

Kwa hiyo kazi yake siisemi vibaya. Ntakwambia habari ya watoto.

Walikuwa nao wawili, mkubwa rika langu. Tulikuwa tunafinyanga ng'ombe wa udongo pamoja, anakula ugali wa uwele na mlenda kwetu bila kushurutishwa, anatukana Kigogo vizuri kunizidi (mama yake hakujua maana, bahati yake). Alafu akafika umri wa shule akapelekwa bodingi Kijabe, Kenya. Nakumbuka asubuhi ile, Landrova inawaka, sanduku la bati limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, mama yake anafungua sanduku anahesabu soksi, anafunga, anafungua tena anahesabu soksi zile zile. Baba yake kasimama upande wa pili wa gari anaangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nilikuwa namwonea wivu mwenzangu anapanda gari.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, na haukufunguliwa mpaka 1983. Mtoto yuko upande mwingine wa mpaka, wazazi huku, kila likizo inakuwa ni barua na vibali na kuulizia, mpaka ikabidi watafute shule nyingine. Aliporudi nyumbani safari moja alikuja kwetu akanisalimia Kiingereza. Sikumlaumu, mdomo ndo ulivyokuwa umezoea. Lakini bibi yako alikuwa kule kwao jioni ile, akasema yule kijana alitaka kunywa maji akamuuliza mama yake vikombe vinakaa wapi. Nyumbani kwao hapo mama, anauliza kama mgeni, na yule mama alijibu tu, kwenye kabati la kushoto, akaendelea kukata mboga.

Wale watu waliwapenda watoto wao, nisieleweke vibaya. Wakati ule shule zetu zilifundisha Kiswahili na kwao mtoto angerudi asipokelewe darasani, malaria ilikuwa inaua, na utaratibu wa wamisionari wengi ndo ulikuwa huo, bodingi. Hawakuwa na mengi ya kuchagua. Nyie mnayo.

Unaniambia wasiwasi wako ni Kireno. Kireno watakishika kabla yenu, we ngoja, mkubwa atakuwa anakutafsiria sokoni na wewe bado unahangaika na salamu. Shule kule zinaanza kama Februari, kwa hiyo msiende katikati ya mwaka mkamtupa mtoto darasani hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, fikeni mapema akacheze kwanza na watoto wa jirani. Na nyie msiishie Kireno, pale watu wengi ni Wayao, na wengi ni Waislamu, mkae nao kwa heshima kama tunavyokaa hapa na akina Hamisi. Mtoto mdogo ndani ya nyumba anafungua milango ambayo mhubiri haifungui, nilikuwa naona pale Mvumi, kina mama walikuwa wanaingia kwa yule mzungu kumshika mtoto, mengine yanafuata. Watoto walipoondoka baraza ile ikawa ya wagonjwa na wachungaji tu.

Sasa la usalama, maana najua mumeo ndo linamsumbua. Cabo Delgado kumeharibika tangu 2017, na Niassa ni jirani yake, siwezi kukwambia hakuna shida nikiwa nimekaa zangu Ihumwa. Waandikieni wachungaji wa pale Lichinga wenyewe, sio wakubwa wa huku, muwaulize wangekaa hapo na watoto wao? Wakisema hapafai mtoto basi na nyie msiende kwanza, subirini. Hilo la kusema panatufaa sisi ila sio watoto mimi silikubali kabisa, ukifa wewe mtoto ndo anabaki salama gani.

Wala msijione mnaenda mbali sana. Wapigania uhuru wa Msumbiji walikaa hapa hapa Kongwa miaka ya sitini, wazee wa kule bado wanawasimulia. Na njia ipo, mnashuka Mtera, Iringa, Njombe, Songea, mnavuka Ruvuma pale mpakani Mkenda kwenye daraja, sio kama zamani. Babu mtu nikipata nguvu nakuja mwenyewe.

Anzeni paspoti za watoto sasa hivi, kila mtoto na yake, laki na nusu kila moja, na Uhamiaji usisubiri mpaka wiki ya mwisho. Kadi za homa ya manjano pia. Na muwaulize wenyeji wenu mapema kibali cha kuishi kinachukuaje, maana mkiingia kama watu wa matembezi mtasumbuka. Lichinga ni juu, baridi ipo, mama yako anataka kwenda soko la Sabasaba kuchagua masweta kwenye mitumba, nitumie saizi za watoto leo leo maana nikichelewa atanunua kwa kukisia. Na mumeo mwambie anipigie, hiyo gari anayotaka kuuziwa na mchungaji mwenzake nimeiona, injini inavuja mafuta, asilipe kitu mpaka fundi wangu aiangalie.

Baba yako