Miaka miwili ya kuishi naye haikufanyi mke

Juzi msomaji wa Dodoma kaniandikia: "Dada, nimekaa na mwanaume miaka minne, si mimi tayari ni mke wake kisheria?" Usingizi uliniruka. Swali hilo mimi nililiuliza nikiwa nimeshachelewa.

Niliishi Kihonda, Morogoro, na baba wa watoto wangu miaka tisa. Ndugu zake waliniita wifi. Mama yake nilimuuguza mimi, mwaka mzima. Kiwanja tulinunua kwa hela ya umama lishe wangu na mkopo wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), lakini hati ya mauziano iliandikwa jina lake peke yake. Nikanyamaza, nikaona ndiyo heshima.

Alipotaka kuuza nyumba tuliyoijenga hapo nikaenda mahakamani kifua mbele. Nilikuwa nimekariri kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana. Kumbe hiyo ni dhana tu, inakanushika. Akatoa cheti cha ndoa ya kanisani, aliyoifunga kwao kabla hajanijua. Mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa mwingine. Miaka tisa ikaishia pale, mbele ya watu. Bado inaniuma.

Sikutoka mikono mitupu. Kifungu hichohicho kinamruhusu mwanamke na watoto kuomba matunzo hata ndoa ikikataliwa, na daftari langu la marejesho ya VICOBA ndilo lililonipatia sehemu ya nyumba. Kwa hiyo, mdogo wangu, tunza risiti. Tunza kila karatasi!

Tena msidanganyane kwamba kuna mahali pa kuandikisha kuishi kinyumba. Tanzania hapapo, kinachosajiliwa ni ndoa. Ofisi ya mkuu wa wilaya inafungisha ndoa ya kiserikali, notisi ni siku 21. Mwanaume aliyekaa nawe miaka minne anashindwaje siku 21? Muulize kama ana ndoa kwingine, usione aibu kama nilivyoona mimi. Hata Kenya, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba dhana ya ndoa kwa kuishi pamoja itumike kwa nadra sana.

Na wewe wa Dodoma, umeniambia kiwanja mnalipia kwa awamu na imebaki moja. Usiitoe kabla jina lako halijaandikwa.