Yale Niliyojifunza Nikipiga Picha Mitaani Da Nang

Asubuhi yangu ya pili katika jiji la Da Nang, pwani ya kati ya Vietnam, nilimpiga picha mama muuza samaki kabla hajauza hata samaki mmoja. Alikuwa amechutama kando ya beseni la ngisi katika ufukwe wa Man Thai, jua ndiyo kwanza linachomoza, nami nilisogea hadi hatua mbili kutoka alipokuwa, nikabonyeza kitufe na kupita zangu. Mama yule alisimama, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akawasha kipande cha karatasi na kukizungusha juu ya beseni lake huku moshi ukipanda. Mwenye nyumba niliyopanga ndiye aliyenieleza baadaye kwamba nilikuwa nimeharibu mở hàng, yaani ufunguzi wa biashara ya siku. Anayetangulia kufika asubuhi, akashikashika au kuchungulia bila kununua, huaminiwa kuacha nuksi hadi jioni, na moshi wa karatasi huifukuza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimekua nikisikia wauzaji wetu wakimwambia mnunuzi wa alfajiri "nifungulie biashara", hivyo nilipaswa kulihisi jambo hilo hata kabla ya kuelezwa.

Nilikaa Da Nang wiki saba, kati ya Mei na Juni, na makala hii nawaandikia wapiga picha wenzangu wanaofikiria kwenda huko. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba ununue na kusalimu kabla ya kuinua kamera, kisha urudi kesho na keshokutwa mahali pale pale, kwa sababu picha zote ninazozipenda kutoka jiji lile nilizipata nilipokwenda kwa mara ya tatu au ya nne.

Kuhusu salamu, msemaji wa Kiswahili anakwenda Vietnam akiwa na mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Kivietnamu hakina neno moja la "wewe" linalomfaa kila mtu, bali humwita kila mmoja kwa nafasi yake kana kwamba ni wa ukoo: mwanamke mzee ni bà, yaani bibi, mwanamume mzee ni ông, mama wa makamo ni cô, mwanamume wa makamo ni chú, kijana aliyekuzidi umri kidogo ni anh akiwa wa kiume na chị akiwa wa kike. Msemaji naye hujiita kwa nafasi yake, hivyo mbele ya bibi nilijiita con, mtoto, nikasema con chào bà, ambayo maana yake ni "mimi mtoto nakusalimu, bibi". Aliyelelewa kwa shikamoo anaielewa mara moja adabu iliyomo humo. Kazi iliyobaki ni ya sauti, kwa kuwa neno bà lazima lishuke, na ukilitamka bila kulishusha utakuwa umesema "tatu" au "baba". Jifunze pia chụp hình được không, swali la kuomba ruhusa ya kupiga picha, kwa usemi wa watu wa kati na kusini ambao husema chụp hình badala ya chụp ảnh ya kaskazini. Nilipoanza kuyasema hayo, hata kwa kukosea, nyuso zilibadilika, na mara nyingi nilivutiwa kistuli cha plastiki nikae kabla sijaruhusiwa kupiga picha.

Mwanga wa Da Nang una mpangilio ambao mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ataufahamu bila shida, kwa kuwa jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya jiji, upande wa milima. Mwezi Juni jua huchomoza mnamo saa 11:15 alfajiri, na hata kabla ya hapo ufukwe wa My Khe umekwishajaa watu wanaoogelea, wazee wanaonyoosha viungo na vijana wanaocheza mpira wa wavu, kwa sababu ifikapo saa 2 asubuhi joto huwafukuza wote. Mimi nilipenda zaidi kusogea kaskazini hadi Man Thai, ambako wavuvi hurudi kwa thúng chai, vile vyombo vya duara vilivyosukwa kwa mianzi kama ungo mkubwa na kupakwa utomvu ili visipitishe maji, ingawa siku hizi vingi ni vya plastiki ngumu. Huko wanaume na wanawake huvuta juya kutoka majini kwa mistari miwili, na mtu akitazama namna wanavyoegemeza migongo yao kwenye kamba ataikumbuka pwani ya nyumbani.

Kofia iliyochongoka ya majani, nón lá, itakusumbua sana. Jua likishapanda, kofia yenyewe hung'aa na uso ulio chini yake huzama gizani, na kamera ikiachwa iamue yenyewe itapima mwanga wa kofia na kukuachia uso mweusi. Nilitumia wiki nzima kutafuta namna ya kulikabili tatizo hilo. Saa ya kwanza ya asubuhi jua huwa chini kiasi cha kuingia ndani ya ukingo wa kofia, na baada ya hapo utafute mwanga unaorudi kutoka chini, kwenye mchanga mkavu, sakafu iliyomwagiwa maji au beseni la bati lililojaa samaki. Mwanamke anayeinamia beseni la namna hiyo huangazwa uso kutoka chini, na kuna picha mbili nilizozipata kwa njia hiyo ambazo nisingezipata kwa taa yoyote ya dukani.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema. Nilibeba lenzi moja ya milimita 35 kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, nikaweka tundu la lenzi kwenye f/8 na kuifunga fokasi kwenye mita 2 na nusu, hali inayofanya vitu vyote kuanzia karibu mita 1.7 hadi karibu mita 5 vionekane vizuri bila kuhangaika. Lililo muhimu zaidi ni unyevu. Ukitoka ghafla kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi hufunikwa na ukungu na alfajiri yako inakwisha ukiwa unaipangusa, kwa hiyo ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki na uitoe chumbani nusu saa kabla ya kuitumia.

Jijini, soko la Han lina watalii wengi, na soko la Con ndilo ambalo wenyeji hununua mahitaji yao. Anzia la pili. Ingia pia katika vichochoro, ambavyo huko huitwa kiệt, lakini si mchana baada ya chakula, wakati familia zimelala milango ikiwa wazi na kamera yako inakuwa imeingia chumbani mwa mtu. Daraja la Joka, lenye urefu wa mita 666 na lililofunguliwa mwaka 2013, hutema moto na maji usiku wa mwisho wa wiki, saa 3. Lipe joka mgongo, uwatazame watoto walio mabegani mwa baba zao wakisubiri kulowa.

Sheria nayo ijulikane. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Kiraia ya Vietnam ya mwaka 2015 kinampa kila mtu haki juu ya sura yake, na anayetaka kuitumia lazima apate ridhaa, na alipe ikiwa matumizi ni ya biashara isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Picha za shughuli za hadhara, kama michezo na maonyesho ya sanaa, zina nafuu. Katika rasi ya Son Tra yapo maeneo ya kijeshi yenye mabango ya kukataza picha, nayo yaheshimiwe. Kuna jambo jingine ambalo halimo katika sheria yoyote: wazee wengi huamini kwamba katika picha ya watu watatu, aliye katikati hupata mkosi. Nilipoona wazee watatu kwenye benchi moja, nilijifunza kumwomba wa nne ajiunge, au kungoja mmoja aondoke.

Naomba pia tukumbuke kwamba wanajeshi wa Marekani walitua katika pwani ya jiji hili tarehe 8 Machi 1965, na kwa miaka mingi dunia iliwajua watu wake kwa picha za vita. Mzee wa miaka sabini anapokataa kamera, huenda ana sababu ambazo mgeni hastahili kuzidai. Inamisha kichwa, sema cảm ơn, yaani asante, uondoke.

Juma la tano nilichapisha picha katika duka dogo la picha, nikazigawa kwa wenyewe. Yule mama wa Man Thai nilimpelekea mbili, ile ya asubuhi niliyomharibia mở hàng na nyingine niliyompiga baadaye, baada ya siku nyingi za kununua ngisi wake ambao mwenye nyumba alitupikia. Alizitazama zote kwa muda mrefu. Ya pili aliifunga ndani ya mfuko na kuitia kifuani, ya kwanza akanirudishia mkononi, kisha akavua barakoa, akafunga upya nywele zake na kunionyesha kwa kidole mahali pa kusimama ili nimpige nyingine. Ile aliyonirudishia ninayo hadi leo, na sijaionyesha popote.