Madaraka Yanakaa Getini

Mmeuliza kama nadharia ya Umaksi, yaani mawazo ya Karl Marx juu ya matabaka ya jamii, bado ina lolote la kutuambia sisi wakazi wa Nairobi. Jibu langu ni ndiyo. Wanaosema Marx aliwaandikia wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya pekee wamesoma upande mmoja tu, ule wa mshahara na faida. Kuna upande mwingine, unaouliza kwa nini anayeonewa huona mambo yako sawa.

Antonio Gramsci, Mmaksi wa Italia aliyefungwa na serikali ya dikteta Mussolini mwaka 1926, alilichambua swali hilo katika madaftari aliyoanza kuyaandika gerezani 1929. Kwa ufupi, alisema tabaka linalotawala halitegemei rungu peke yake. Hutawala kwa ridhaa pia, nayo hujengwa shuleni, kanisani na magazetini, mpaka mpango unaowafaa wachache uonekane ndiyo desturi ya dunia.

Nendeni asubuhi kwenye geti la magorofa yoyote ya Lavington, mtaa wa wenye nacho. Mama fua ametembea kutoka Kawangware, mtaa jirani wa wanyonge. Soja anamdai kitambulisho, anakitia kwenye droo, kisha anamwandikisha: jina, nambari, nyumba anayokwenda, saa. Jioni akitoka, mkoba wake unafunguliwa na nguo alizopewa zinakung'utwa moja moja. Gari likija, geti liko wazi kabla ya honi ya pili na soja anapiga saluti, hata kama dereva hajawahi kuonekana pale. Soja huyo naye atarudi kwao Kawangware kwa miguu. Hakuna sheria inayosema anayetembea ni mshukiwa na mwenye gari ni mheshimiwa, lakini wote wanaitii. Ukimuuliza mama fua, atakwambia ni mambo ya usalama tu.

Jambo hili lina asili yake. Sheria ya kikoloni ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika akitoka kwao alilazimika kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, aghalabu ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, chenye karatasi ya kuonyesha ameajiriwa na nani na kwa ujira gani. Shabaha ilikuwa kibarua asimtoroke mwajiri. Kipande kimeondoka, lakini jicho la kumkagua anayetembea tumebaki nalo, na sasa tunalilipia wenyewe kila mwezi pamoja na pesa za takataka.

Anayedhani utamaduni ni pambo tu akumbuke Kamiriithu, kule Limuru, 1977. Wakulima na vibarua walijijengea ukumbi wa wazi, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliohusu ardhi na jasho lao. Baada ya wiki chache leseni ya kuuigiza ilifutwa. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila mashtaka, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Pambo halipelekewi polisi.

Ninapotofautiana na baadhi ya Wamaksi ni pale wanaposema watu wamepumbazwa. Mama fua hajapumbazwa. Anajua vizuri kinachotendeka pale getini, ila anaihitaji kazi ya kesho. Gramsci mwenyewe alikubali kwamba ndani ya mawazo ya kawaida ya watu kuna punje ya busara ya kweli, na siasa yoyote ya maana haina budi kuanzia hapo.

Katika mkutano wa wakazi wa magorofa yetu nilipendekeza kila mgeni aandikishwe, wenye magari nao, au asiandikishwe yeyote. Aliyenipinga vikali kuliko wote ni mpangaji mwenzangu anayepanda matatu kila siku kama mimi. Alisema tutaishusha hadhi ya mahali. Pendekezo limo katika kumbukumbu za kikao, na mkutano ujao nitalirudisha, safari hii nikiomba masoja nao waalikwe waseme.