Pande nne peke yake hazitoi eneo la kiwanja

SWALI: Kiwanja changu kina pande za mita 13, 14, 20 na 25, zikifuatana hivyo. Aliyenipimia alichukua wastani wa pande zinazotazamana, akazidisha, akapata mita za mraba 321.75. Baadaye nilipima ulalo, kutoka kona ya 25 na 13 hadi kona ya 14 na 20, nikapata mita 15. Hesabu yake ni sahihi?

JIBU: Si sahihi. Kiwanja chako kina mita za mraba 234. Huo ulalo ndio uliokuokoa, kwani umekigawa katika pembetatu mbili.

Ya kwanza ina pande 13, 14 na 15. Jumla 42, nusu yake 21. Toa kila upande kwenye 21 upate 8, 7 na 6. Zidisha 21 × 8 × 7 × 6 = 7,056; kipeuo chake cha pili ni 84, na hilo ndilo eneo lake. Ya pili, 15, 20 na 25, haina haja ya mzunguko huo: 225 + 400 = 625, kwa hiyo kona iliyo kati ya 15 na 20 ni nyuzi 90, na eneo ni nusu ya 15 × 20, yaani 150.

Linalonikera ni imani kwamba ukishajua pande nne umelijua eneo. Pembetatu mbili, pande tatu za moja zikilingana na pande tatu za nyingine, lazima zifunikane kabisa. Pembenne haiko hivyo. Gongomea mbao nne kwa msumari mmoja kila kona, kisha sukuma: fremu inalala, eneo linapungua, na hakuna ubao uliobadilika urefu. Kwa pande zako zilezile, kama ulalo huo ungekuwa mita 20, eneo lingefika kama 285.7. Kikomo cha juu kabisa, kona zote zikiwa juu ya duara moja, ni kama 298.4. Kwa hiyo 321.75 ni eneo la kiwanja kisichoweza kuwepo duniani!

Na hiyo njia ya wastani haikosei huku na huku. Isipokuwa kwenye mstatili, daima hutoa eneo kubwa kuliko la kweli, hivyo anayeumia kila mara ni mnunuzi. Msambamba wenye pande 10 na 20 na kona ya nyuzi 30 una eneo 100. Wapimaji wa wastani watakuandikia 200 bila kupepesa macho. Anayeuza ardhi kwa hesabu hiyo anauza hewa, hata kama tepu yake ni mpya na mchoro wake umepigwa muhuri.

Mchoro wa pembenne usio na ulalo wala pembe hata moja, usiusaini. Dai ulalo wote wawili: mmoja wa kukokotoa, mwingine wa kuhakiki. Kwako wa pili unapaswa kuwa karibu mita 32.3. Vuta tepu ikaze, isilale juu ya majani, na uanzie kwenye vigingi vilevile vilivyopimiwa pande. Ukipata 31, kuna kipimo kilichokosewa, cha upande au cha ulalo. Rudia vipimo vyote kabla ya kulipa.