Simu, mkoba na msukumano wa kupanda daladala

SWALI: Asalaam aleikum. Nauza vitambaa Darajani, mjini Unguja, jioni narudi Mwera kwa daladala. Mwezi uliopita nilichomolewa simu mkobani wakati wa kupanda, sikuhisi kitu. Sijafika nyumbani, pesa zangu za kwenye laini zimeshatolewa, na simu ilikuwa na namba ya siri. Wamewezaje? Mama Z., Mwera

JIBU: Waaleikum salaam. Pole sana, mama.

Wachomoaji huwa wawili au watatu. Wa mbele anapanda, kisha anasita pale ngazini kama anayetafuta nauli. Wa nyuma anasukuma. Wewe mkono mmoja umeshika chuma cha mlango, wa pili umeshika mfuko wa mboga, na mkoba umeshakwenda nyuma ya kiuno. Zipu inafunguliwa hapo, na huhisi kwa kuwa unabanwa kila upande. Basi mkoba uvae kifuani, zipu ifungiwe upande wa kwapa, na ukiweza upite ndani ya buibui. Nauli itoe ungali dukani. Ukiona mtu amesita ngazini na nyuma unasukumwa, toka pembeni, ngoja gari nyingine. Kuchelewa robo saa si hasara.

Ama pesa: namba ya siri ya simu hufunga simu, haifungi laini. Laini ikichomolewa na kutiwa simu nyingine, inafanya kazi. Kizuizi kinachobaki ni namba ya siri ya pesa, tarakimu nne, na wengi huweka mwaka wao wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho kilichomo mkoba uleule. Ikiwa yako ni hiyo, ibadilishe leo.

Kisha funga na laini yenyewe. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu pana sehemu ya kufunga kadi ya laini. Itakuuliza kwanza PIN iliyokuja na laini. Usibahatishe, kwa sababu ukikosea mara tatu laini hujifunga mpaka uwe na PUK, namba ya kuifungulia, tarakimu nane. Waulize watoa huduma kwanza.

Bonyeza pia *#06#, uandike ile namba ya tarakimu 15 (IMEI, utambulisho wa simu yenyewe) kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili; andika zote.

Ukiibiwa tena, azima hapohapo simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100, wafunge laini na akaunti ya pesa. Polisi nenda baadaye, na ile namba yako ya tarakimu 15. Na tunakuomba sana, mama: usipige ukelele wa "mwizi!" Umati hauulizi, na huweza kumuua kijana asiyehusika. Mwambie utingo, "Nimeibiwa simu."

SWALI: Tukitoka Forodhani saa nne usiku na watoto, tukate vichochoroni? Baba wa wawili, Michenzani

JIBU: Hapana. Fuateni Mizingani, kando ya bahari, mpaka Malindi, ndipo mwelekee Darajani. Ni mzunguko, lakini barabara ina gari na watu. Kichochoro ambacho baraza zake zina wazee wanaozungumza kinapitika. Zikiwa tupu, rudini. Barabarani tembeeni kulia, mkizitazama gari zinazokuja, mkoba uwe bega la ukutani ili mwenye pikipiki asiufikie. Akiushika, uachie, usije ukaburutwa. Na chukueni tochi ndogo, umeme ukikatika simu ibaki mfukoni.